Mwaka Koko Elizabeti Aliposikia

Koko Elizabeti alizikwa siku ya Jumatano, na mimi nilifika Baraka asubuhi ya siku hiyo hiyo, vumbi la barabara ya Uvira limenijaa mpaka kwenye kope. Watu wa matanga walikuwa wengi. Turubai la kanisa lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na jiko, wamama wa kwaya wamekaa kwenye mikeka na vitambaa vyao vyeupe, na nyuma ya nyumba sombe ya majani ya muhogo ilikuwa inachemka katika masufuria makubwa. Nilipewa kiti, kisha sahani ya bugali na samaki wadogo wa ndakala, na kabla sijanawa mikono nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wakimzungumzia marehemu. "Alikuwa mama muzuri," mmoja alisema, "lakini kichwa ngumu. Batoto bake balimupeleka Bujumbura, bakamutafutia apareyi ya masikio, akaivaa miezi tano tu, akaikataa." Mwenzake akashusha sauti. "We hujue? Ilikuwa mambo ya ule mutoto wa Faila. Koko njo aliacha betri ovyo-ovyo, mutoto akaumia. Toka siku ile hakuivaa tena." "Ah! Njo maana." Nikaweka sahani chini ya kiti. Kati ya watu wote waliokaa chini ya turubai lile, ni mimi peke yangu niliyejua jambo hilo lilivyokuwa kweli, na nilikuwa nimelinyamazia kwa miaka kumi na nane.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, niko sixième, darasa la mwisho la sekondari. Nilitoka Lweba kuja kusomea Baraka, na Koko Elizabeti, ambaye nilimwita Koko, yaani bibi, ingawa hakuwa ndugu yangu hata kidogo, alikubali nikae kwake kwa sababu mama mmoja wa kanisani alimwomba. Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi na bati, na ilikuwa na sebule moja na vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza alilala yeye. Katika cha pili nililala mimi na mjukuu wake Mapendo, mtoto wa miaka mitatu, godoro moja, chandarua kimoja, na kila asubuhi niliamka mguu wake uko juu ya tumbo langu. Mama yake, Faila, binti wa Koko, niliyemwita yaya kama dada mkubwa, alikuwa akiuza vitenge Misisi kule kwenye dhahabu, na barabara zile si za kubebea mtoto mgongoni, basi alimwacha kwa Koko na kuja kumwona mara moja kwa mwezi. Koko alikuwa hasikii. Masikio yalianza kumpotea kidogo kidogo, na kufikia mwaka ule ilikuwa imepita miaka mitano tangu asikie mtu akiongea kawaida. Nilijifunza haraka kuishi naye: kumgusa bega kabla ya kumsemesha, kusimama penye mwanga ili aone midomo yangu, kutosema neno huku nimeinamia sufuria. Wengine walimpigia kelele, wakachoka, wakaacha. Watu wakija kumsalimu walikuwa wakizungumza wao kwa wao mbele yake, naye anawatazama mmoja mmoja, anacheka wanapocheka, amechelewa kidogo. Jambo hilo la kuchelewa kucheka ndilo lililoniumiza kuliko yote. Kwenye kwaya walimweka mstari wa nyuma, na nilishasikia mama mmoja akisema mbele yake kabisa, bila hata kugeuza uso, "Koko leo anaimba wimbo wa juma lililopita." Na Koko akamtabasamia.

Mwezi wa kumi mwanawe wa kwanza, Asukulu, aliyekuwa akiishi Bujumbura, alikuja kumchukua. Koko alikaa huko majuma mawili. Asukulu alipomrudisha, Koko alikuwa na boksi dogo la plastiki alilolikumbatia kifuani kama yai. Ndani mlikuwa na apareyi yenyewe, mashine mbili za rangi ya mchanga, kila moja kubwa kama harage la mbegu, za kukaa nyuma ya sikio. Kutoka kwenye mashine bomba jembamba linashuka na kuishia kwenye kipande laini kilichotengenezwa kufuata tundu la sikio lake mwenyewe, ili mtu mwingine asiweze kukivaa. Pamoja nazo palikuwa na karatasi ya Kifaransa, na kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikisoma Kifaransa katika nyumba ile, Asukulu aliiweka mkononi mwangu. "Riziki," aliniambia, "mama haone tena vitu vidogo, na vidole vyake havishike vizuri. Hii kazi naiacha kwako." Nilikaa kwenye kiti, Mapendo amepanda mapajani, nikasoma mstari kwa mstari na kumwonyesha Koko kwa mikono. Usiogee nazo. Zisinyeshewe mvua. Usiziweke karibu na moto. Anza na saa moja au mbili kwa siku, mahali pa kimya, ndipo uongeze. Na chini, kwa herufi nzito: betri ziwekwe mbali na watoto, mpya na zilizokwisha. Niliusoma mstari ule kwa sauti yangu mwenyewe, huku mtoto akichezea kifungo cha blauzi yangu.

Tulianza siku iliyofuata mchana, watu wako kwenye kazi zao, mtaa umetulia. Nilimvalisha mashine nikafungua sauti kidogo. Zikapiga mluzi. Nikazitoa, nikasukuma vile vipande viingie sawasawa, mluzi ukakatika. Koko alikaa mikono magotini, hapumui. Kwenye mbabula ya makaa nilikuwa nimeacha samaki kwenye mafuta ya mawese, na ndicho kitu cha kwanza alichosikia. "Iko nini ile?" aliuliza, akigeuka huku na huku. "Inalia tsss, tsss." Nikamwambia ni samaki. Akainuka akaenda kuinamia kikaango, akakaa pale mpaka samaki wakaungua upande mmoja, na sikumzuia. Halafu Mapendo aliingia kutoka nje, anakimbia, anapiga kelele kwamba kuku amekula unga. Koko alishika mlango. Mtoto yule alizaliwa masikio ya Koko yakiwa yamekwisha kufa, naye alikuwa amembeba, amemwogesha, amemlisha miaka mitatu, na hakuwahi kusikia sauti yake. "Sema tena," alimwambia. "Kuku njo alikula nini?" "Unga!" "Nani?" "Kuku!" Alimwuliza maneno yale yale mpaka mtoto akakasirika na kwenda kulia kwenye godoro, na Koko akamfuata kwenda kusikiliza kilio.

Kuanzia hapo asubuhi zangu zilikuwa na kazi mpya, na nilizipenda kuliko nilivyojua wakati ule. Kabla ya shule nilikaa mlangoni penye mwanga, nikapangusa mashine kwa kitambaa kikavu. Vile vipande vya ndani ya sikio nilivitenganisha na mashine, nikaviosha peke yao kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikapuliza bomba mpaka tone la mwisho litoke, maana unyevu ukibaki mle sauti inakufa. Nta ya sikio niliitoa kwa kijibrashi. Betri, ambazo zilikuwa ndogo kama kidonge, zilidumu siku kumi hivi. Zikikaribia kuisha, mashine inalia ti-ti-ti ndani ya sikio, na Koko ananiita: "Riziki, inalalamika." Nilibandua karatasi ya gundi kwenye betri mpya, nikaingoja kidogo ipate hewa, ndipo nilipoifunga ndani. Iliyokwisha niliitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, nililoliweka juu ya kabati chumbani kwa Koko. Kila alipokwenda kulala nilizitoa mashine masikioni mwake, nikaacha milango ya betri wazi, nikazilaza kwenye boksi pamoja na kijifuko cha kukausha unyevu, maana hewa ya ziwa inaingia kila mahali. Mapendo alinitazama akiwa amechuchumaa mbele yangu, mikono mashavuni. Siku moja aliokota kisoda, akakishika nyuma ya sikio lake. "Mi pia nasikia," alisema. Tulicheka mpaka machozi. Koko alimwita jirani aje aone.

Miezi ile mitano ndiyo ninayotaka kuikumbuka, na ndiyo inayoniponyoka kila mara kwa sababu najua kilichoifuata. Koko akiwa amekaa jikoni akiniuliza kwa nini wasichana wa siku hizi wanaongea haraka. Koko akigundua kwamba mlango wa choo unalia, na kwamba mimi huwa naongea peke yangu nikisoma. Jumapili ya kwanza aliyovaa mashine kanisani hakuimba kabisa, alisikiliza tu. Jumapili ya pili alihamia mstari wa mbele bila kuomba ruhusa, na ibada ilipokwisha alimwendea yule mama aliyekuwa akimcheka, akamshika mkono. "Mwenzangu," alimwambia kwa upole, "leo niliimba wimbo gani?" Mama yule hakupata pa kuangalia. Na jioni, tukila sombe na bugali wote watatu kwenye sahani moja, Mapendo alikuwa anaongea na Koko anajibu, wanaongea juu ya kuku, juu ya mvua, juu ya mama atakuja lini, mambo yasiyo na kichwa wala miguu, mpaka nilikuwa nawaambia wanyamaze nisome.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa tatu. Kwaya ilikuwa na mwaliko kwenye kanisa lingine, na wamama walikuwa wameshafika mlangoni, wanaita, wanapiga vigelegele. Koko alikuwa amevaa kitenge kipya. "Riziki, ya kuume inalalamika." Nilikuwa najipaka mafuta miguuni. Nikaenda mbio, nikachukua betri mpya, nikatoa ile ya zamani nikaiweka kwenye kona ya meza ya sebuleni. Kopo lilikuwa chumbani, juu ya kabati, hatua kumi labda. Wamama waliita tena. Nilimvalisha Koko mashine, nikamwinua Mapendo nikamrudisha chini, nikasema nitamfunga viatu tukifika nje, kisha nikaenda kuchukua Biblia yangu, yeye nikamwacha kando ya meza. Tukatoka. Hiyo ndiyo hadithi yote ya kosa langu. Hakuna ugomvi uliolizunguka, hakuna sababu kubwa. Hatua kumi tu, na mimi nikaona nitazipiga nikirudi.

Tuliporudi saa nane betri haikuwa mezani. Nilitazama chini ya meza, nikafagia, nikatikisa mkeka. Nilijiambia kuku wameidonoa, au imefagiliwa. Mapendo alikuwa nje anacheza na majani ya muhogo, mzima kabisa. Siku ya pili aliamka analia na mkono uko kwenye sikio la kuume. Joto lilikuwa limempanda. Koko alifanya alichofanyiwa yeye utotoni, na tulichofanyiwa sote: alipasha mafuta kidogo, akamtilia matone sikioni. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto. Nilikishika mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, naye anapiga mateke, na ndani yangu wazo lilikuwa limeshaamka na nikalikanyaga. Ikiwa ni betri, ni mimi. Ikiwa ni mimi, ninarudishwa Lweba, na examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza shule, iko miezi mitatu mbele. Nilikwenda shuleni. Siku ya tatu tulimpeleka kwa infirmier Alimasi, muuguzi mzee na mpole wa kituo cha afya cha mtaani. Alitazama haraka kwa tochi, akaona maji yanatoka, akasema ni usaha, akatoa dawa ya matone. Alituuliza kama mtoto ameingiza kitu sikioni. Koko alisema hapana, kwa sababu yeye hakujua. Mimi nilitazama ukuta.

Siku ya tano asubuhi maji yaliyotoka sikioni yalikuwa meusi na yana harufu ya chuma. Nilikuwa namvalisha gauni. Alikuwa hana nguvu hata ya kulia, aliniegemea tu, na mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja kama mtu anayetaka kucheka na nusu ya uso inakataa. Nilimwuliza polepole, "Mapendo, uliweka nini ndani ya sikio?" Akaniambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizwa kitu kinachojulikana, "Apareyi." Sikwenda shuleni. Nilimbeba mbio mpaka kituo cha afya, Koko akinifuata nyuma, nikaingia kwa Alimasi bila kugonga. "Papa, angalia ndani kabisa. Iko betri." Alipoiona alikaa chini. Hakuwa na chombo cha kuitoa. Tulipanda pikipiki wote, mimi na Koko na mtoto katikati, mpaka hospitali, na huko daktari aliitoa. Aliiweka kwenye kibakuli cha chuma, ikiwa nyeusi, na akatueleza mtu mzima kwa mtu mzima, bila kutugombeza. Betri hata ikichoka bado ina nguvu ya kuunguza, alisema. Ikikutana na unyevu inakula nyama. Sikioni, puani, kooni, popote. Haingoji kesho, muntu anapaswa kukimbia saa ile ile. Na sikio lenye kitu ndani lisitiwe mafuta wala dawa ya maji, maana yanaongeza moto. "Kama mungekuja siku ya kwanza," alianza, akamtazama Koko, akaacha. Ngozi ya ndani ya sikio lile ilikuwa imekwisha. Uso ungeweza kurudi, alisema, pengine si wote. Kusikia hakungerudi.

Tulikaa hospitali siku nne. Siku tuliyorudi, Mapendo amelala, nilimkuta Koko jikoni anachambua majani ya muhogo. Alikuwa na mashine masikioni. Nilifunga mlango. "Koko, ile betri niliiacha juu ya meza. Ni miye. Na siku ya kwanza nilijua haiko pale, nikanyamaza." Alichambua jani moja, akaliweka, akachukua lingine. "Najua," alisema. "Miye siwezi hata kufungua kale kamulango. Nani mwingine?" Nikapiga magoti. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Ulinyamaza siku ngapi?" Nikasema nne. Alirudia neno hilo, "Nne," na mikono yake ikasimama. Baadaye kidogo aliinua mikono akatoa mashine, ya kuume kisha ya kushoto, akaziweka kiganjani mwangu zikiwa bado na joto la kichwa chake. "Siwezi kuvaa tena kitu hiki mbele ya mutoto," alisema. "Nitakuwa nasikia na yeye hasikie? Ondoa." Nilimwambia kwa mikono, kwa midomo, kwamba sikio la kushoto la mtoto ni zima, kwamba bado atasikia. Aligeuza uso, na ukigeuza uso na huna masikio, mazungumzo yamekwisha.

Yaya Faila, aliyekuwa amepelekewa habari, alifika kutoka Misisi siku ya pili mchana, matope mpaka magotini. Nilikuwa chumbani. Nilimsikia akiingia, nikamsikia akimwita mtoto, nikasikia kimya alipouona uso wake. Halafu aliuliza kwa sauti iliyopasuka, "Mama, nani aliacha ile kitu?" Nilisimama. Naapa kwamba nilisimama, nilikuwa nimeshashika pazia la mlango. Na Koko akajibu. Kwa kuwa hakuwa na mashine hakuweza kupima sauti yake, alijibu kwa kelele, kama watu wasiosikia wanavyofanya, mpaka majirani wakasimama kwenye viwanja vyao. "Ni miye! Niliweka juu ya meza, nikasahau! Ni miye, Faila!" Pazia lilikuwa mkononi mwangu. Nililiachia. Nilirudi nikakaa kwenye godoro, nikasikiliza Faila akimwambia mama yake maneno ambayo mtoto hamwambii mama, na Koko hakusikia hata moja, alikuwa tu anatazama midomo. Jioni ile Faila alifunga nguo za Mapendo kwenye kitenge. Koko alinitazama mara moja, yule mtoto akiwa anapandishwa kwenye pikipiki, na nilielewa macho yale vizuri sana. Yalisema: maliza shule. Nimejaribu miaka mingi kuyasoma vinginevyo, kusema kwamba labda yaliniomba niseme. Hayakuniomba. Lakini hayakunikataza pia.

Miezi mitatu iliyobaki tuliishi wawili katika nyumba ile. Nilipika, akala. Nilimgusa bega kabla ya kumsemesha. Alirudi mstari wa nyuma kwenye kwaya, na kwa kuwa habari ilikuwa imeenea, hakuna aliyemcheka tena, walimhurumia, jambo ambalo nadhani lilikuwa baya zaidi. Mara mbili nilimtolea lile boksi, nimeweka betri mpya, nimeosha kila kitu, na mara mbili alilirudisha. Nilifaulu mtihani. Siku nilipoondoka alinifungia ndakala wakavu kwenye gazeti na kuniombea mlangoni, sala ndefu, kwa ile sauti yake ya juu, na alitaja jina la Mapendo, akataja la Faila, akataja langu, sawa na yao. Nikawa mwalimu, Uvira. Nilikuwa nikimtumia sabuni na sukari kila nilipopata mtu wa kumpa. Nilikwenda hata kwenye harusi ya Faila, nikala, nikacheza. Kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi, na kila mwaka nilijiambia kwamba Koko mwenyewe ndiye aliyeamua.

Baada ya maziko nilimwomba Faila tuingie ndani. Nywele zake zimeanza kuwa na mvi. Alidhani nataka kumpa mchango wa matanga. "Yaya Faila," nilisema, "ile betri si mama yako aliiacha. Ni miye. Alisema uongo kwa ajili yangu, ili nisifukuzwe." Alikaa kwenye kitanda cha mama yake. "Miaka sita," alisema. "Miaka sita sikukanyaga hapa. Sikumuletea mutoto. Alikuja mpaka Misisi, mwanamuke muzee, na pikipiki, nikamuambia arudi." Aliuma kitambaa chake. "Na we ulikuwa wapi?" Aliinuka. "Kesho utasema mbele ya bandugu zangu. Bote basikie. Mama hawezi kulala na jina ile."

Asubuhi familia ilikaa chini ya turubai, na nilisimama nikasema yote, kona ya meza, kopo, siku nne, mashine alizonirudishia na kwa nini, pazia. Asukulu, ambaye siku hizi anatembea na fimbo, aliuliza swali moja. "Na mama alikubali kubeba kosa yako?" "Yeye njo aliamua," nilisema. "Lakini miye njo nilimuachia." Mama mmoja wa kwaya alianza kulia, ndipo wengine. Faila hakunitazama. Sikufukuzwa, na hakuna aliyeniambia nibaki. Nikachukua mfuko wangu.

Mapendo ndiye aliyenisindikiza mpaka wanapoegesha pikipiki. Ana miaka ishirini na moja, ni mrefu, na mdomo wake bado unavutwa kidogo upande wa kushoto akitaka kucheka. Alihakikisha ninatembea kushoto kwake. Nilikuwa nimeshapanda nyuma ya dereva aliposhika mkono wangu. "Mi nilikuwa nauliza mama," alisema, "juu ya nini Koko havae zile mashine nikikuja. Kila mara mi naongea, yeye anatazama midomo tu. Nilizani sauti yangu inamuchukiza. Mpaka leo asubuhi nilizani vile." Nilimwambia si kweli. Lakini injini ilikuwa inanguruma na nilikuwa upande wake wa kuume, akatikisa kichwa, hakusikia. Nikamgonga dereva bega, nikamwambia azime. Nikashuka. Nilizunguka nikasimama kushoto kwake, karibu, nikaanza upya.